Gesi ya zamani kwenye kiyoyozi cha gari la 1989: sheria inamshika nani?

MrithiWaTanga aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mwongozo wa watu wanaolijua jambo hili kwa undani. Nina Toyota Land Cruiser ya 1989 niliyoachiwa na marehemu baba, na kiyoyozi chake kilianza kutoa hewa ya uvuguvugu tangu Desemba, majira ambayo kwetu Tanga huwezi kuendesha gari mchana vioo vikiwa vimefungwa bila kulowa jasho. Fundi niliyempelekea alifungua boneti, akasoma kibandiko kilichopauka, akaniambia kwamba gari hili linatumia gesi ya R-12, kwamba gesi hiyo ilikwisha kukatazwa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na kwamba hata hivyo yeye anayo. Akanionyesha mtungi mweupe usio na maandishi yoyote, akataja bei iliyokuwa karibu mara tatu ya bei ya gesi ya kawaida, kisha akaniomba nisimwambie mtu.

Sikujaza. Bei ningeweza kuivumilia, lakini lile ombi la kutomwambia mtu ndilo lililonirudisha nyumbani na gari langu lenye joto. Kama kuna kosa, kosa hilo ni la nani: ni langu mimi mwenye gari, ni la fundi, au ni la aliyeuingiza mtungi ule nchini? Gari hili hukaguliwa na askari wa usalama barabarani kila ifikapo Wiki ya Nenda kwa Usalama, wakatazama matairi, breki, taa na mikanda, wakanibandikia stika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ndani ya kiyoyozi mna nini. Ninafahamu kwamba Tanzania iliridhia Itifaki ya Montreal, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, mwaka 1993 na kwamba zipo Kanuni za 2007 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kwa ajili ya kemikali hizi. Nisichokiona ni namna kanuni hizo zinavyofika kwenye gereji iliyo chini ya mwembe. Pia ningependa kujua kama kuuhamisha mfumo wa zamani utumie R-134a, gesi iliyoshika nafasi ya R-12, ni kazi yenye maana au ni njia nyingine ya kuliwa fedha.

---

FundiBaridi_Changamwe alijibu:

Ndugu, nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lililo mikononi mwangu kila wiki, na la sheria nitawaachia wenye nalo.

Magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1992 hadi 1994 yalitoka kiwandani na R-12, na kuanzia hapo watengenezaji wakahamia R-134a, ambayo haina klorini na kwa hiyo haiigusi ozoni. Unaweza kuzitambua bila kusoma kibandiko, kwa sababu vichwa vya kujazia gesi ni tofauti: vya R-12 ni vya kufungwa kwa nati yenye nyuzi, na vya R-134a ni vya kubana mara moja, kile cha upande wa shinikizo la chini kikiwa na milimita 13 na cha upande wa juu milimita 16. Tofauti hiyo iliwekwa makusudi ili mtu asichanganye gesi hata akiwa na haraka. Ukiona gari la zamani limefungwa adapta za vichwa vipya lakini hakuna kibandiko kinachoeleza ni gesi gani na ni mafuta gani yaliyotiwa, jua kwamba aliyelishughulikia alibadilisha mlango tu na nyumba akaiacha vilevile.

Kubadili kwa haki ni hivi. Gesi iliyobaki hunyonywa kwa mashine na kuwekwa kwenye mtungi, haiachiwi hewani. Mafuta ya zamani ya kompresa, ambayo ni ya madini, humwagwa kadiri inavyowezekana kwa sababu hayachanganyiki na R-134a. Yakibaki peke yake hayazunguki pamoja na gesi, hukaa pembeni, na kompresa hujisaga yenyewe. Badala yake tunatia mafuta ya esta, ambayo huvumilia mabaki machache ya yale ya zamani. Draya, yaani kichujio kinachonyonya unyevu, hubadilishwa, raba za kuzibia kwenye viungo hubadilishwa, mfumo hunyonywa hewa na unyevu kwa pampu kwa muda wa kutosha, kisha gesi mpya hutiwa kwa kupimwa kwenye mizani, na kiasi chake huwa kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa R-12 iliyokuwapo. Ukitia sawasawa na zamani, shinikizo hupanda na ubaridi hupungua, na hapo ndipo watu husema R-134a haipoozi. Hupooza. Ni kweli kwamba kondensa ya zamani, ile rejeta ya kutoa joto la gesi, ilitengenezwa kwa gesi nyingine na kwamba kwenye foleni saa nane mchana utaona tofauti kidogo, lakini gari likitembea hutaijua.

Sasa ule mtungi mweupe. Zamani mtungi mweupe ulimaanisha R-12, wa buluu nyepesi R-134a na wa kijani kibichi chepesi R-22, ile gesi ya viyoyozi vya majumbani, lakini rangi si ushahidi, maana rangi hununuliwa dukani. Nchi zetu ziliacha kuingiza R-12 mpya mwaka 2010, kwa hiyo kila anayekuuzia leo anakuuzia ama mabaki ya kale, ama gesi iliyonyonywa kwenye gari jingine, ama kitu kingine kabisa. Geji haitakusaidia. Gari likiwa limelala, kwa joto la nyuzi 30, R-12 huonyesha kama paundi 93 kwa inchi ya mraba na R-134a huonyesha 97, tofauti ambayo geji iliyokwisha kudondoshwa mara tano haiwezi kuisoma. R-22 huonyesha 158, hiyo utaijua, na ukiiona humo ndani usiwashe kiyoyozi, kwa sababu mabomba ya mpira ya gari hayakujengwa kwa ajili yake. Lakini mchanganyiko wa gesi ya kupikia ukipimwa vizuri hukaa palepale kwenye 93, na mafundi wapo wanaojua kuupima. Hupooza vizuri sana, na bomba likipasuka nyuma ya dashibodi huku mtu akiwasha sigara, kiyoyozi kimekuwa jiko.

---

MstaafuForodha alijibu:

Fundi amelieleza la gereji kwa ufasaha, nami nitaongeza la bandarini, kwa kuwa nilitumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikifungua makontena.

Kwanza nikutoe hofu, Mrithi. Itifaki ya Montreal, iliyotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, haikukataza mtu kumiliki wala kuendesha chombo chenye gesi ya zamani. Ilichobana ni utengenezaji na biashara ya kuvuka mipaka. Nchi zinazoendelea zilipewa ngazi za kushuka: kusimama pale zilipo mwaka 1999, kupunguza nusu mwaka 2005, asilimia 85 mwaka 2007, na kufika sifuri tarehe 1 Januari 2010. R-12 iliyokuwa tayari ndani ya gari la marehemu baba yako mwaka huo iliendelea kuwa halali, na hakuna askari mwenye sababu ya kukusimamisha kwa ajili yake. Mwenye kosa ni aliyeingiza gesi hiyo baada ya mlango kufungwa, na anayeiuza akijua ilivyoingia yumo naye.

Kisheria mlango wetu ni mmoja kwa nchi zote za Jumuiya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kwenye jedwali lake la pili, inazitaja kemikali zinazoharibu ozoni miongoni mwa bidhaa zenye masharti, yaani haziingii bila kibali cha mamlaka inayohusika. Kwa hiyo ofisa wa forodha anayo meno. Anachokosa mara nyingi ni macho. Mtungi wa kilo 13.6 ulioandikwa R-134a unafanana na mwingine wowote ulioandikwa R-134a, na walanguzi waligundua mapema kwamba njia rahisi ya kupitisha gesi iliyokatazwa ni kuibandika jina la ile inayoruhusiwa. Kuna kifaa cha kutambua gesi, kidogo kama begi la mkononi, kinachovuta sampuli na kueleza baada ya dakika chache ni asilimia ngapi ya nini, na vifaa hivyo vimegawiwa kwa forodha za nchi nyingi kupitia miradi ya Umoja wa Mataifa. Lakini kifaa kimoja kilichofungiwa kabatini, ambacho aliyefundishwa kukitumia amehamishiwa mpaka mwingine, hakikamati mtungi. Nimekiona kabati hicho kwa macho yangu, na sitasema kilikuwa kituo gani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kiyoyozi kiwekwe kwenye ukaguzi wa barabarani. Gari la R-12 lililobaki leo ni moja katika maelfu, na askari akipewa jambo la kuuliza ambalo hana kifaa cha kulipima, swali hilo litakuwa na jibu moja tu, nanyi nyote mnalijua jibu hilo linatolewa mfukoni. Ukitaka kuibana gesi, bana mtungi. Mitungi ni michache kuliko magari, hupita mahali pachache, na kila mmoja una mnunuzi ambaye jina lake linaweza kuandikwa.

---

Mpitanjia77 alijibu:

Kwa heshima zote, wazee wangu, ninaona tunajibebesha mzigo usio wetu. Gesi hizi ziligunduliwa Marekani, zikauzwa na viwanda vya Marekani na Ulaya kwa zaidi ya nusu karne, na tundu lenyewe la ozoni liko juu ya Antaktika. Land Cruiser moja ya Tanga ina gesi isiyozidi kilo moja na nusu. Mwacheni mtu apate ubaridi.

---

Gereji_Minnesota alijibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, nami hutengeneza magari huku Marekani kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa kuwa Mpitanjia ameitaja nchi hii, niseme namna jambo hili linavyosimamiwa huku, kwani nilipofika lilinishangaza.

Sheria yao ya Hewa Safi, kama ilivyorekebishwa mwaka 1990, ina kifungu cha 609 kinachohusu viyoyozi vya magari peke yake. Anayegusa kiyoyozi cha gari kwa malipo ni lazima awe amefanya mtihani na kupata cheti, na ni lazima awe na mashine ya kunyonya gesi iliyoidhinishwa. Kuiachia R-12 hewani kulikatazwa kuanzia Julai 1992, na Novemba mwaka huohuo makopo madogo ya R-12 yakaondolewa mikononi mwa watu wa kawaida, akabaki kuuziwa mwenye cheti tu. Utengenezaji wake ulikoma mwisho wa 1995. Mteja anayekuja na gari lake la 1985 hafanywi lolote, wala halazimishwi kubadili. Hata R-12 ya akiba bado inaweza kutumiwa kihalali, mradi anayeitia awe na cheti.

Lakini akitaka kubadili, hapo masharti ni makali. Kila gesi mbadala iliyokubaliwa ina vichwa vyake vya kujazia, na kibandiko chake chenye rangi yake, ambacho cha R-134a ni buluu nyepesi. Gesi ya zamani hutolewa yote kwanza, maana kuiongezea R-12 gesi nyingine juu yake kumekatazwa. Michanganyiko yenye R-22 ndani yake huhitaji mabomba ya aina isiyovujisha. Na gesi zinazowaka moto, zile ambazo Fundi amezitaja, zilikataliwa kabisa kuwekwa mahali pa R-12. Faini iliyoandikwa ndani ya sheria ile ya 1990 ni hadi dola 25,000 kwa siku kwa kila kosa, na anayetoa taarifa inayosababisha adhabu anaweza kuzawadiwa hadi dola 10,000. Fikirini jirani wa gereji anavyokuwa mwangalifu.

Pamoja na meno yote hayo, huku nako walikula magendo. Miaka ya katikati ya 1990, kodi ilipoipandisha bei R-12 na ulimwengu unaoendelea ukiwa bado unaruhusiwa kuitengeneza, mitungi iliingia kwa wingi kupitia Miami na mpaka wa Meksiko, hata watu wa forodha wakaiweka karibu na dawa za kulevya kwa faida yake. Iliyoua biashara ile, kwa ninavyoelewa kutoka kwa mafundi wazee niliofanya nao kazi, ni kwamba magari ya R-12 yalizeeka yakaisha, na kuyabadili yaliyobaki kukawa rahisi kuliko kutafuta gesi ya kificho.

---

MstaafuForodha alijibu:

Mpitanjia, mwanangu, sitakuacha bila jibu. Kilo moja ya R-12 ikiachiwa hewani hukaa huko takriban miaka mia moja, na chembe moja ya klorini inayotoka kwake ikifika juu huvunja chembe za ozoni kiasi cha laki moja kabla haijatulia. Upepo hauulizi mtungi ulifunguliwa nchi gani. Zaidi ya ozoni, kilo hiyo hunasa joto sawa na karibu tani kumi na moja za hewa ya ukaa. Kuhusu mzigo usio wetu, sekretarieti ya mkataba huu ipo Gigiri, Nairobi, na marekebisho yake makubwa ya mwisho yalipitishwa Kigali Oktoba 2016. Sisi ni wenyeji katika jambo hili.

Na hayo ya Kigali yanamhusu Mrithi moja kwa moja. R-134a haiharibu ozoni, lakini hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa, ndiyo maana nayo imewekewa ngazi za kushuka: kwa kundi la nchi zetu, kusimama mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, hadi asilimia 80 mwaka 2045. Ulaya iliiondoa kwenye magari mapya yote tangu Januari 2017. Usiogope, haitakosekana katika maisha ya gari lako. Ila bei itakapopanda, mitungi ya bandia itaongezeka, kama ilivyokuwa kwa R-12.

---

FundiBaridi_Changamwe alijibu:

Tayari imeongezeka, mzee. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka katika bandari za nchi nyingine na watu watatu wakafa, kwa sababu mtungi ulioandikwa R-134a ulikuwa umechanganywa na R-40. Kemikali hiyo ikikutana na aluminiamu ya kompresa huzaa kitu kinachojiwasha chenyewe kikiguswa na hewa. Kompresa za magari nazo ni za aluminiamu. Tangu niliposoma habari ile sinunui mtungi usio na jina la kiwanda na namba ya bechi, hata ukiwa nusu bei.

Nakubaliana na Mstaafu kuhusu kubana mtungi, lakini pale anaposema jina la mnunuzi linaweza kuandikwa, naomba aje dukani asimame nami Jumamosi moja. Anayenunua gesi ni kijana aliyetumwa na fundi aliyetumwa na fundi. Kenya kanuni tunazo tangu 2007, zinataka leseni kwa mwingizaji na maandishi ya onyo kwenye chombo, na waingizaji wakubwa huzifuata. Kinachokosekana ni kile cha Minnesota: fundi kutambulika. Mimi nilijifunza kunyonya gesi kwenye semina ya siku tatu, nikapewa cheti, na cheti hicho kimetundikwa ukutani miaka mingi bila mtu yeyote kukiuliza, si mteja wala muuza gesi. Jirani yangu hana cheti wala mashine, hufungua nati ikatoa moshi mweupe dakika mbili, na bei yake ni nafuu kuliko yangu kwa sababu mimi ninalipia mashine na umeme na muda. Sheria inayomfanya mwenye kuitii kuwa ghali, isimguse anayeivunja, inanifilisi mimi. Muuza gesi angekatazwa kumuuzia asiye na cheti, jirani yangu angekwenda semina kesho asubuhi.

---

MrithiWaTanga alirejea:

Nawashukuru nyote, na nimeona nirudi kuwaeleza nilipofika.

Nimempata fundi mwingine mwenye mashine ya kunyonya. Tulipofunga geji ikasoma karibu na sifuri, yaani gesi yote ya zamani ilikuwa imekwisha kutoroka yenyewe kupitia sili ya mbele ya kompresa, pengine miaka kadhaa kidogo kidogo, huku nikidhani ninaitunza. Kwa hiyo hapakuwa na cha kunyonya. Amebadilisha sili, draya na raba zote, akatia mafuta ya esta na gramu 750 za R-134a kwa mizani nikiwa nimesimama hapohapo, kisha kwa ombi langu akaandika kibandiko na kukibandika juu ya kile kilichopauka. Hewa inayotoka ni baridi. Kwenye kivuko cha reli saa saba mchana huwa baridi kiasi.

Yule wa mtungi mweupe nilipita kwake kumwambia nimekwisha kutengeneza. Aliniuliza kama ninamfahamu mtu mwingine mwenye gari la zamani.

---

FundiBaridi_Changamwe alijibu:

Hongera, ndugu. Rudi kwa fundi wako huyo mpya baada ya miezi mitatu akaangalie tena zile raba, maana gari lililokaa muda mrefu bila gesi huwa na viungo vilivyokauka.

Nami nina swali kwa Mstaafu, kama hajachoka. Katika stoo yangu mna mitungi miwili ya R-12 niliyoinyonya kwenye magari ya wateja tangu nilipopata mashine. Siwezi kuiuza, kwa kuwa ni chafu na sina kifaa cha kuisafisha, siwezi kuiachia, na kila ninakouliza pa kuipeleka ikaharibiwe naambiwa niitunze kwanza. Jana nimeipima, yote pamoja ina kilo nane na robo, na mtungi mmoja umeanza kushika kutu kwenye kitako.